DVD Imegoma Ukirudisha Windows? Usinunue Draivu Mpya Bado

Manze, uko Keumbu, umetoa ile kompyuta ya zamani ya mathe kwa kabati, unataka kuirudishia Windows 7. DVD inazunguka, inalia grrr, halafu kimya. Kabla upande mat hadi Kisii mjini fundi akuuzie draivu mpya, cheki hivi.

Weka CD yoyote ya ngoma. Ikisoma hiyo na DVD zote zikigoma, pengine draivu yako ni ya CD pekee. Mashine nyingi za enzi za XP ziko hivyo. XP ilitoshea CD ya MB 700, lakini Windows 7 huja kwa DVD, na draivu ya CD haisomi DVD hata uiombee.

Inasoma zote? Basi mashine haijui ianzie wapi. Iwashe ukigonga F12 kama ni Dell, F9 kama ni HP, uchague DVD. Ikikuambia ubonyeze kitufe chochote, bonyeza chap, inakupa sekunde chache tu.

Ikikwama katikati, shuku diski yenyewe. Choma ingine kwa spidi ya chini, 4x hivi. Lenzi ikiwa na vumbi, pamba na spiriti, pole pole.

Sasa penye watu hulia: ukifomati C, picha za mazishi ya sokoro zimeenda. Mashine haiwaki? Toa hadi diski, ichomeke kwa kompyuta ya beshte yako, kopi kila kitu. Ndio urudi kwa DVD.