Sugu Inayosikia

Msomaji wetu mmoja wa Nyamirambo, Kigali, ameuliza swali lililonifurahisha sana. Bibi yake alikulia kijijini, akienda pekupeku shambani na kisimani, na mpaka leo visigino vyake vina sugu ambayo miiba midogo huvunjikia humo humo. Hata hivyo, bibi huyo akivua kandambili na kupita kwenye vichochoro vya mawe vinavyopanda kuelekea Mlima Kigali, anajua kwa wayo jiwe lipi limelegea. Mjukuu mwenye raba za soli nene hujikwaa pale pale. Je, neva za bibi ni kali kuliko zake?

La, ni zile zile. Njia ya neva hizo naipitia mbio. Neva kubwa inatoka kiunoni, inashuka nyuma ya paja na goti, inapita nyuma ya kifundo cha mguu upande wa ndani, inatoa tawi la ngozi ya kisigino, kisha inagawanyika: neva moja inaelekea kidole gumba, nyingine kidole cha mwisho. Basi. Wanafunzi wa udaktari wakariri matawi mengine. Mimi nina haraka ya kufika kwenye ncha zake, maana utamu wote uko huko.

Mwaka 1831 Filippo Pacini, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Italia, alikuwa akipasua mkono wa maiti akaona vijipunje vyeupe vimeshikamana na neva. Vipo na kwenye wayo, ndani chini ya ngozi, na kikubwa hufika milimita moja au zaidi. Kila kimoja ni ncha ya neva iliyozungushiwa matabaka membamba yenye umajimaji katikati. Ukikikandamiza polepole, umajimaji unajipanga upya na ncha haipati habari. Ukikitikisa ghafla, mtikisiko unapenya moja kwa moja. Hupendelea mitetemo kama 200 hadi 300 kwa sekunde. Ndiyo maana soksi uliyoivaa asubuhi huisikii tena, lakini punje ya mchanga ikiviringika ndani yake unasimama njiani kuivua.

Kijipunje hiki tukiite nini? Wapo wanaosema “kipokezi”, nami naona kinanuka ofisi, dawati la mapokezi na daftari la wageni. Tunacho tayari kinasa sauti, basi hiki kiwe kinasa mtetemo. Wahariri wakikikataa, nitakitumia hivyo hivyo.

Sasa sugu. Tungetarajia iwe kizibo. Lakini songa ugali kwa mwiko, uone. Mti hauna neva hata moja, na bado kiganja kinajua donge la unga mbichi liko wapi, liko chini au pembeni, limeanza kulegea au bado. Mwiko ukigusa chini ya sufuria unasikia mkwaruzo, na ugali ukianza kushika unalisikia hilo kabla jicho halijaliona. Urefushe mpini, bado unasikia. Utafute mwiko mnene zaidi, bado. Sasa uzungushie mpini huo sponji, usonge tena: donge limepotea! Halijayeyuka, habari zake zimemezwa njiani. Kitu kigumu hupitisha mtetemo, kilaini huufyonza. Sugu ni mwiko, soli ya raba ni sponji.

Na hili limepimwa hapa hapa kwetu. Mwaka 2019 Nicholas Holowka, Daniel Lieberman na wenzao walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima nyayo za watu wa magharibi mwa Kenya na za wakazi wa Boston, Marekani. Unene wa ngozi waliupima kwa ultrasaundi, kisha wakajaribu uwezo wa wayo kuhisi mtetemo. Waliozoea kwenda pekupeku walikuwa na sugu nene na ngumu zaidi, lakini unene huo haukuwapunguzia kuhisi.

Msitupe viatu, lakini. Udongo wa volkano wa nyanda za juu za Rwanda unaleta imidido, matende yasiyotokana na mnyoo wala mbu, kwa wanaoukanyaga pekupeku miaka mingi, na mwenye kisukari ana sababu zake za kutovua. Tuendelee.

Mjukuu anaposhuka kwenda dukani, kisigino ndicho kinachotangulia kugusa ardhi. Habari husafiri kwa uzi wa seli moja, wenye urefu wa kama mita, kutoka kwenye ngozi hadi uti wa mgongo, kwa mwendo unaoweza kufika mita 50 kwa sekunde. Hizo ni milisekunde 20 tu: wayo haujalala wote chini, na mgongo umekwisha kujua kisigino kimekanyaga nini.