Endometriosisi: Maumivu ya Hedhi na Tumaini la Kupata Mtoto

Kipeperushi hiki kimekusudiwa wanawake wanaoishi England ambao wana endometriosisi, au wanashuku kuwa nayo, na wanatumaini kupata mtoto.

Endometriosisi ni nini?

Ni hali ambayo tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota mahali pengine, kama vile kwenye ovari, mirija ya uzazi, kibofu cha mkojo au utumbo. Humpata takribani mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Dalili zake ni pamoja na maumivu makali ya hedhi, maumivu ya chini ya kitovu yasiyokwisha, na maumivu wakati wa tendo la ndoa au wa kwenda haja.

Wanawake wengi wameambiwa tangu usichana wao kwamba uchungu huo ni chango, na kwamba mwanamke hana budi kuvumilia. Uchungu unaokuzuia kufanya kazi, kusoma au kulala unastahili kuchunguzwa.

Je, nitaweza kupata mtoto?

Wanawake wengi wenye endometriosisi hushika mimba bila msaada wa tiba. Kwa wengine huchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa makovu yanaweza kuziba mirija au kugandisha viungo vya uzazi. Ukali wa maumivu si kipimo cha uwezo wa kuzaa. Wala ujauzito si tiba: dalili zinaweza kurejea baada ya kujifungua.

Kwa nini daktari ajue nia yako?

Vidonge vya uzazi wa mpango, sindano na kitanzi chenye homoni hupunguza maumivu, lakini huzuia mimba na haviongezi uwezo wa kuzaa. Daktari asiyejua nia yako anaweza kukuandikia tiba inayokwenda kinyume nayo. Mwambie waziwazi: "Nina maumivu, na pia ninatafuta mtoto." Kisha jadilianeni haya:

• Dawa za maumivu. Parasetamoli inaweza kutumika. Ibuprofeni inaweza kuathiri kupevuka kwa yai, uliza kwanza. Taja pia dawa za asili unazotumia.
• Vipimo. Ultrasaundi isiyoonyesha kasoro haithibitishi kwamba huna ugonjwa. Mwenzi wako naye apimwe mbegu zake.
• Upasuaji wa matundu madogo. Huondoa tishu hizo, na kwa baadhi ya wanawake huongeza uwezekano wa kushika mimba. Upasuaji wa ovari unaweza kupunguza akiba ya mayai. Uliza kabla ya kutia saini.
• Kutungishwa mimba nje ya mwili, yaani IVF. Masharti hutofautiana kati ya eneo na eneo. Tangu Agosti 2017, ada ya afya inayolipwa pamoja na maombi ya viza haigharimii huduma hii nchini England.

Unapotafuta mimba, meza asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, na uendelee hadi wiki ya 12 ya ujauzito.

Nimwone daktari lini?

Kwa kawaida watu hushauriwa kujaribu kwa mwaka mmoja kwanza. Ikiwa una endometriosisi, au umefikisha miaka 36, usisubiri mwaka uishe. Andika kwa miezi michache siku za hedhi na za maumivu, na mahali yanapouma, uende na maandishi hayo.

Una haki ya kupata mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Mwombe unapopanga miadi, na ukipenda omba awe mwanamke. Si lazima mumeo, mtoto au jamaa akutafsirie mambo haya ya siri.

Wakati wa dharura

Ikiwa umeshika mimba, au huenda umeshika, nawe ukapata maumivu makali ya ghafla tumboni, maumivu ya ncha ya bega, kizunguzungu au kuzirai, piga simu 999 au nenda idara ya dharura mara moja. Huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi, na kuchelewa ni hatari. Kwa ushauri mwingine wa haraka, piga 111, saa yoyote.