Kuendesha Motakaa Katika Nchi za Theluji

Leo twapenda kueleza jinsi motakaa iendeshwavyo katika nchi zenye theluji. Huenda mtu akauliza, "Jambo hili latuhusu nini sisi tukaao katika nchi za jua?" Twajibu kwamba latuhusu sana. Wapo vijana wetu wengi waliokwenda Kanada, Marekani, Uingereza na Uswidi kusoma na kufanya kazi, na wengine wangali wakienda. Baadhi yao walijifunza udereva huku kwetu, na ujuzi wao ni mwema. Lakini ujuzi uliopatikana katika vumbi hautoshi katika barafu. Naye asiyesafiri atapata faida, kwa kuwa sababu zilizo katika barafu ndizo hizo hizo zilitelezeshazo gari katika matope ya masika.

Kwanza yatupasa kupambanua mambo matatu. Theluji ni chembe nyeupe, nyepesi, zishukazo kutoka mawinguni mfano wa pamba iliyochambuliwa. Ndiyo ionekanayo kwa mbali juu ya kilele cha Kibo. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Sakitu ni ule weupe wa baridi ulalao juu ya majani na barabara alfajiri. Yote matatu hutokea joto lishukapo hata kufika digrii 0 za sentigredi. Lakini lililo la hatari kupita yote si theluji nene, ambayo kila mtu huiona, bali ni utando wa barafu mwembamba usio na rangi. Dereva autazamapo hudhani ni lami iliyolowa maji tu. Utando huo huanza juu ya madaraja, kwa sababu daraja hupigwa na hewa ya baridi juu na chini, hali barabara nyingine hupata joto kidogo kutoka ardhini. Tena hudumu penye vivuli vya miti na majumba, mahali ambapo jua halifiki.

Sasa na tuulize: kwa nini motakaa huteleza? Motakaa yote, pamoja na uzito wake na watu waliomo, hushika ardhi kwa sehemu nne ndogo tu za mipira yake, na kila sehemu yapata ukubwa wa kiganja cha mtu. Kwa sehemu hizo nne hupata nguvu ya kuondoka, ya kupinda na ya kusimama. Lakini uso wa barafu una utando mwembamba mno ulio karibu na hali ya maji, na kwa hiyo gurudumu halipati pa kushika. Ajabu ni hii, kwamba barafu iliyo karibu na kuyeyuka huteleza kuliko ile iliyoganda kwa baridi kali. Basi dereva asidhani kwamba siku ya baridi kidogo ni siku ya salama.

Tutazame hesabu. Kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza chafundisha kwamba motakaa iendayo maili 30 kwa saa katika barabara kavu huhitaji mita 23 ili isimame: mita 9 hupita dereva akiwa bado anafahamu hatari na kuinua mguu, na mita 14 hupita breki zikifanya kazi. Kitabu hicho chaonya kwamba katika barafu urefu huo waweza kuzidi mara kumi. Maana yake ni mita 230, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mpira vilivyounganishwa. Mtoto akivuka mbele yako kwa umbali wa mita 50, breki hazitamwokoa; mwendo wako wa polepole ndio utakaomwokoa. Tena mwendo ukizidishwa mara mbili, urefu wa kusimama kwa breki huzidi mara nne.

Kwa sababu hizo watu wa nchi za baridi huanza matayarisho yao kabla ya safari. Mpira wa kawaida hukakamaa kwa baridi, hata kabla maji hayajaganda. Mpira wa majira ya baridi hufanywa kwa namna iliyo laini zaidi, nao una mikato mingi myembamba ili uishike theluji. Mipira ya namna hiyo ilianza kufanywa katika nchi ya Ufini mwaka 1934, kwanza kwa ajili ya malori. Katika jimbo la Quebec, nchi ya Kanada, sheria humlazimisha mwenye motakaa kuivaa tangu tarehe 1 Desemba hata tarehe 15 Machi. Yafaa ivaliwe katika magurudumu yote manne. Ikiwa miwili tu ndiyo mizuri, upande mmoja wa gari utashika na upande wa pili utaponyoka.

Asubuhi dereva hana budi kuondoa theluji yote juu ya motakaa yake: katika vioo, katika taa, hata juu ya paa, maana theluji ya paa huweza kuporomoka mbele ya kioo wakati wa kufunga breki. Asisafishe tundu dogo la kuchungulia kisha akaondoka.

Akiwa njiani, neno la kushika ni upole. Aondoe gari polepole. Na ikiwa ni gari la kubadili gia kwa mkono, gia ya pili yaweza kufaa kuliko ya kwanza, ili magurudumu yasizunguke bure. Aache nafasi ya sekunde nane hata kumi baina yake na gari lililo mbele. Apunguze mwendo kabla ya kufika kwenye pindo, wala si akiwa ndani yake. Penye mteremko, aingize gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Penye mlima, angoje gari la mbele limalize kupanda, kisha apande kwa mwendo mmoja bila kusimama. Usiku theluji inyeshapo, ashushe taa zake, kwa sababu mwanga mkali hurudishwa na theluji ukampofua mwenyewe. Wala asijivunie gari livutwalo na magurudumu yote manne: nguvu hiyo humsaidia kuondoka, haimsaidii kusimama.

Je, gari likiteleza? Jambo la kwanza la moyo wa hofu ni kukanyaga breki kwa nguvu na kuzungusha usukani ghafula. Yote mawili huleta hasara. Yampasa ainue mguu katika mafuta, aache breki, atazame mahali anapotaka kwenda, na kuuelekeza usukani huko kwa utulivu hata magurudumu yashike tena. Ikiwa yampasa kusimama, na motakaa yake ina chombo kizuiacho magurudumu yasikwame, basi akanyage breki imara asiiachilie, ijapokuwa ataisikia ikitetemeka mguuni. Kutetemeka huko ndiko kazi yake. Asiye na chombo hicho akanyage kidogo na kuachia, tena na tena.

Limebaki jambo moja kubwa. Mwezi wa Februari 1978 tufani ya theluji iliushukia mji wa Boston, Marekani, na nchi ya kandokando yake. Motakaa zaidi ya 3,000 zilikwama katika barabara kuu moja iliyo karibu na mji huo. Katika tufani ile baadhi ya watu walikufa ndani ya gari zao, si kwa baridi, bali kwa moshi wa injini. Theluji ikiziba bomba la moshi, hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi huingia garini. Haina rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Kwa hiyo aliyekwama asiache gari lake akatembea gizani. Akae ndani, lakini kwanza aondoe theluji penye bomba. Awashe injini kwa dakika kumi tu katika kila saa, na kufungua dirisha kidogo upande usiopigwa na upepo. Ndiyo sababu madereva wenye busara huchukua sepetu, blanketi, taa, chakula, maji, na mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya magurudumu.

Basi, ndugu, mkiwa na mtoto au jamaa aliye katika nchi hizo, mwandikieni haya. Wazee wetu walisema, mwenda pole hajikwai. Na siku ambayo barabara haipitiki, asione haya kuiacha motakaa nyumbani, akawaarifu wanaomngoja ya kwamba atakuja kesho.