Thamani ya Shahada ya Sanaa za Maonyesho: Hesabu Isiyofundishwa Darasani

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini inamhusu pia mwanafunzi anayetumia miaka minne ya ujana wake kusomea sanaa za maonyesho. Katika vyuo vyetu, mjadala kuhusu shahada hii huwa na pande mbili. Mzazi hushikilia kuwa ni shahada ya njaa, naye mwanafunzi hujibu kuwa sanaa haipimwi kwa shilingi. Pande zote mbili huikwepa hesabu. Makala haya yanadhamiria kuifanya. Hoja yetu kuu ni kwamba thamani ya kifedha ya shahada hii hutegemea mambo mawili zaidi ya mengine, nayo ni ukubwa wa deni analoondoka nalo mhitimu, na ujuzi wake wa kumiliki kazi anayoitunga.

Deni na Mapato: Mfano wa Marekani

Mwaka 2014 serikali ya Marekani ilitunga kanuni ya kupima kozi za kitaaluma kwa kulinganisha mikopo ya wahitimu na mapato yao. Kozi ilihesabiwa kuwa imefaulu iwapo malipo ya mkopo kwa mwaka hayakuzidi asilimia 8 ya mapato ya mhitimu, au asilimia 20 ya kiasi kinachosalia baada ya kuondolewa fedha za kukimu maisha. Matokeo yalipotangazwa Januari 2017, miongoni mwa kozi zilizoanguka ilikuwamo kozi ya uigizaji ya miaka miwili iliyoendeshwa na thieta ya A.R.T. katika Chuo Kikuu cha Harvard. Wahitimu wake walikuwa na deni la takribani dola 78,000 ilhali mapato yao yalikuwa takribani dola 36,000 kwa mwaka. Kozi hiyo ilisitisha usajili wa wanafunzi wapya. Jina la Harvard halikuiokoa.

Mwaka 2021, shule ya drama ya Chuo Kikuu cha Yale, alikohitimu Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o mwaka 2012, ilipokea msaada wa dola milioni 150 kutoka kwa David Geffen na kuwaondolea wanafunzi wake wote karo. Siku hiyo mapato ya waigizaji hayakuongezeka hata kwa senti moja. Hata hivyo, thamani ya kifedha ya shahada ya Yale ilipanda, kwa kuwa mzigo wa deni ulipungua. Ndiyo maana haifai kumtaja Lupita, mshindi wa Oscar ya mwaka 2014, kama ushahidi kwamba shahada hii inalipa. Nyota mmoja hawezi kuwa kipimo cha darasa zima.

Hesabu ya Nyumbani

Tuukopeshe mwanafunzi wetu kipimo hicho cha asilimia 8. Tuseme amekopa shilingi 240,000 kutoka kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anataka kulimaliza deni kwa miaka mitano. Atalipa takribani shilingi 4,400 kila mwezi, yaani shilingi 53,000 hivi kwa mwaka. Ili kiasi hicho kisizidi asilimia 8 ya mapato yake, hana budi kupata zaidi ya shilingi 55,000 kila mwezi.

Ugumu haumo katika kiasi hicho peke yake, bali katika neno "kila". Deni hudaiwa kwa mwezi, ilhali jukwaa hulipa kwa msimu. Mwigizaji wa thieta hulipwa kwa maonyesho, wa filamu kwa siku za kurekodi. Anayewafunza wanafunzi wa shule uigizaji huvuna katika muhula wa kwanza, wakati shule zinapojiandaa kwa Tamasha za Kitaifa za Drama, zilizoanza mwaka 1959. Muhula huo ukiisha, mapato hukatika lakini deni halikatiki. Kwa hiyo mhitimu anayepata shilingi 200,000 kwa miezi mitatu na kukaa miezi tisa bila kazi ana wastani wa chini ya shilingi 17,000 kwa mwezi.

Mshahara ndio dawa ya kawaida ya ukame huo. Marehemu Francis Imbuga, mtunzi wa Betrayal in the City (1976), alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tatizo ni kwamba mlango wa ualimu wa sekondari ulikuwa mwembamba kwa mhitimu wa drama. Kusajiliwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) kunahitaji mafunzo ya ualimu, na katika mfumo wa 8-4-4 hapakuwa na somo la drama lililotahiniwa katika KCSE. Mtaala wa umilisi umelibadilisha jambo hili. Somo la thieta na filamu limo katika mkondo wa sanaa na michezo wa shule za upili za juu, ambao wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliuingia mwaka 2026. Mwanafunzi wa leo anayeiambatanisha drama na mafunzo ya ualimu ana hesabu tofauti na ya mtangulizi wake.

Nani Anamiliki Tamthilia?

Chanzo cha tatu cha mapato, baada ya ujira na mshahara, ni haki za mtunzi. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika moja kwa moja. Soko kubwa zaidi la tamthilia nchini haliko jukwaani, bali katika vitabu teule vya fasihi. Mwaka 2023 watahiniwa wa KCSE walikuwa takribani 900,000, na Kiswahili ni somo la lazima. Kithaka wa Mberia, ambaye taaluma yake ni isimu, aliichapisha Kifo Kisimani kupitia Marimba Publications, kampuni yake mwenyewe. Kitabu hicho kilipoteuliwa kutahiniwa, mtunzi hakuwa akingojea mrabaha tu. Alikuwa pia mchapishaji. Funzo lililopo ni kwamba soko hulipa umiliki, si cheti.

Mwandishi wa makala haya alijifunza jambo hili kwa hasara. Muda mfupi baada ya kuhitimu shahada ya kwanza, aliombwa na shule moja ya upili kuandika mchezo wa tamasha. Alilipwa shilingi 20,000 mkononi, bila maandishi yoyote. Mwaka uliofuata mchezo huo uliigizwa na shule nyingine kwa anwani mpya, na jina la mtunzi halikutajwa. Alipojiandaa kulalamika, ndipo alipoisoma Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001.

Sheria hiyo inaeleza kwamba hakimiliki huanza kwa mtunzi, na huilinda kazi ya fasihi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Aliyeandika mchezo kwa hiari yake kisha akauuza hapotezi hakimiliki ila kwa maandishi aliyoyatia saini. Lakini kazi ikiwa imeagizwa, au imetungwa na mwajiriwa katika utekelezaji wa kazi yake, hakimiliki huhesabiwa kuwa ya mwagizaji au mwajiri, isipokuwa pande hizo mbili zimekubaliana vingine. Mchezo wetu ulikuwa umeagizwa. Kwa hiyo hakimiliki haikuwa yetu. Ukurasa mmoja wa mapatano, ulioandikwa kabla ya kazi kuanza, ungetosha kutuachia haki hiyo. Katika miaka minne ya kuchambua dhamira, wahusika na mbinu za uandishi, hatukuwahi kuuona ukurasa wa aina hiyo.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba shahada ya sanaa za maonyesho si ya njaa wala si ya utajiri kwa asili yake. Mwanafunzi anayeipenda anapaswa kujiuliza maswali matatu kabla ya kujisajili: nitadaiwa kiasi gani nikihitimu, mapato yangu ya miezi isiyo na maonyesho yatatoka wapi, na kazi zangu zitamilikiwa na nani? Mzazi naye ana haki ya kuuliza, lakini aulize kwa tarakimu badala ya kejeli.

Kwa wahadhiri wetu tuna ombi moja. Kila kozi ya tamthilia itenge angalau mihadhara miwili ya hakimiliki na kandarasi, ambapo mwanafunzi ataandika mapatano yake mwenyewe na kusahihishwa kama anavyosahihishwa insha. Kufanya hivyo hakutaidunisha fasihi. Wapo wenzetu watakaoombwa michezo na shule muhula wa kwanza ujao, na wengi wao wataandika kwa shilingi za mkononi, kama tulivyofanya sisi.