Malisho ya Pamoja Yanahitaji Kanuni

Wako watu wanaodhani kwamba kitu kikiwa mali ya wote, basi kila mtu yu huru kukitumia apendavyo. Dhana hii ni potofu. Tuchukue mfano wa malisho ya kijiji. Mwenye ng'ombe 5 na mwenye ng'ombe 500 wakiruhusiwa kuingiza mifugo bila kikomo, ni nani anayefaidika? Nyasi ni za wote, lakini maziwa na nyama ni vya mwenye kundi kubwa. Na nyasi zikiisha, hasara ni ya kijiji kizima. Huo ni unyonyaji, ingawa ardhi ni ya umma.

Wafugaji walilitambua jambo hili zamani. Wasukuma hutenga ngitili: nyasi hufungwa wakati wa masika, zikafunguliwa kiangazi. Huko Uswisi nako, kijiji cha Törbel kiliamua mwaka 1517 kwamba mtu asipeleke kwenye malisho ya mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Kanuni hiyo ililinda nyasi, lakini haikuleta usawa, maana mwenye majani mengi makavu aliruhusiwa ng'ombe wengi zaidi. Kwa hiyo kikomo peke yake hakitoshi. Lazima tuulize kimewekwa kwa kipimo gani na kwa faida ya nani.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi kama mdhamini wa wanakijiji, si kama mwenye mali. Sheria Na. 7 ya 1982 inaipa uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo hujadiliwa katika Mkutano wa Kijiji na kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya.

Sheria ndogo ya malisho haina budi kujibu maswali manne:

Kwanza, mipaka ni ipi, na nani ana haki ya kuchunga?

Pili, kila kaya iruhusiwe ng'ombe wangapi?

Tatu, ni majira gani malisho yafungwe, na mifugo ipite wapi kwenda majini?

Nne, nani atasimamia, na je, adhabu ni ileile kwa tajiri na kwa maskini?

Wajibu wa kada ni kuhakikisha kwamba swali la pili halirukwi mkutanoni kwa kuwaogopa wenye makundi makubwa. Likirukwa, hayo mengine yatabaki maandishi matupu.