Herufi Inayomwelekeza Mgeni: Kisa cha Fonti ya Johnston Jijini London

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Hata hivyo, abiria aliyemo ndani ya gari-moshi lililosimama kituoni kwa muda mfupi huenda asipate wa kumwuliza. Sharti asome kibao, atambue jina la kituo na aamue iwapo atashuka kabla ya milango kufungwa. Kwake yeye, umbo la herufi si pambo. Ndilo linaloamua iwapo atafika aendako au atapotea. Makala haya yanaeleza jinsi tatizo hilo lilivyoshughulikiwa jijini London kupitia fonti iliyobuniwa na Edward Johnston.

Mwanzoni mwa karne ya 20, kuta za vituo vya reli ya chini ya ardhi jijini humo zilijaa matangazo ya biashara, kila moja likiwa na herufi za aina yake. Jina la kituo lilimezwa na majina ya bidhaa. Mnamo mwaka wa 1908 lilianza kuandikwa kwenye ukanda wa samawati uliopita katikati ya duara jekundu, ili lijitenge na matangazo hayo. Pamoja na hayo, herufi zenyewe zilikosa mtindo mmoja. Ndipo mwaka wa 1913 Frank Pick, aliyesimamia shughuli za biashara za reli hiyo, alipomwagiza Johnston abuni herufi mahususi. Zilianza kutumika mwaka wa 1916.

Johnston hakuwa mpiga chapa. Alikuwa bingwa na mwalimu wa hati za mkono, aliyezoea kalamu yenye ncha pana. Herufi alizobuni hazina vijipembe mwishoni mwa mistari, na unene wa mistari yake haubadilikibadiliki. Unene huo ni takriban sehemu moja kwa saba ya kimo cha herufi kubwa. Aidha, upana wa herufi kubwa aliuiga kutoka kwa maandishi yaliyochongwa na Warumi wa kale: O ni duara kamili, ilhali E na S ni nyembamba. Kwa hiyo kila neno hupata sura yake.

Umuhimu wa uangalifu huo hubainika zaidi katika herufi zinazofanana. Tuchukue jina la Ilala, mtaa wa Dar es Salaam, au Illasit, mji wa Kenya ulio mpakani na Tanzania. Katika fonti nyingi zisizo na vijipembe, I kubwa na l ndogo ni kijiti kilekile. Hivyo Illasit huanza kwa vijiti vitatu visivyotofautika, na mgeni asiyelijua jina hilo hana namna ya kujua alisomeje. Gill Sans, fonti ya mwaka wa 1928 iliyobuniwa na Eric Gill, mwanafunzi wa Johnston, ina dosari hiyo hiyo. Johnston aliikwepa kwa kuipinda l ndogo chini, ikawa na kijimkia.

Hali kadhalika, nukta za i na j katika fonti yake si duara bali ni msharazari wenye pembe nne. Ncha pana ya kalamu, ikishikwa kwa mshazari na kuguswa karatasini, huacha alama ya umbo hilo. Msomaji wa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu hatalistaajabia, kwani kalamu ya mwanzi nayo huziandika nukta za ba na ta vivyo hivyo.

Fonti hiyo imerekebishwa mara kadhaa. Mwaka wa 1979 Eiichi Kono aliiunda upya na kuiongezea viwango vya unene, na mwaka wa 2016 ikatolewa Johnston100, iliyozingatia pia alama zitumikazo katika mawasiliano ya kisasa. Ingali inawaelekeza abiria wa London hadi leo.

Ni bayana, basi, kwamba kibao kizuri huanzia kwa msomaji asiyejua alipo. Anayechagua herufi za vibao vya miji ya Afrika Mashariki hana budi kuzijaribu kwanza kwa majina ya miji hiyo yenyewe. Herufi ikishindwa kulitaja Illasit waziwazi, uzuri wake mwingine haumfai msafiri kitu.