Cheti, digrii au leseni: piga hesabu kabla ya kujiandikisha chuo

Ndugu zetu mnaobeba boksi, mnaolea wazee na mnaofanya kazi za mjengo hapa Columbus, swali linalowasumbua wengi ni hili: nirudi shule, au niendelee kutuma hela nyumbani? Vyote viwili vinawezekana, ila kwa mpango. Tunachokiona tunapokaa na watu kupiga mahesabu ni kwamba shule yenyewe siyo inayowaumiza. Kinachowaumiza ni kuhangaikia karatasi isiyowafikisha walikokuwa wanakwenda.

Kwa anayeishi Clintonville, basi la COTA namba 2 linashuka High Street mpaka mjini, na Columbus State Community College iko hapo karibu. Chuo hiki kilianza mwaka 1963 kama shule ya mafundi, na mpaka leo kinafundisha kazi za mikono pamoja na masomo ya kuendelea chuo kikuu. Walioko Louisville wana Jefferson Community and Technical College, na walioko Buffalo wana SUNY Erie. Hesabu ni ileile, ingawa masharti ya jimbo hutofautiana.

Karatasi hazifanani

Anza na neno diploma. Kenya na Tanzania diploma ni masomo ya chuo baada ya sekondari. Hapa Marekani ukisema una diploma, mtu ataelewa umemaliza sekondari tu. Kwa hiyo usijaze fomu kwa mazoea. Peleka vyeti vyako vya nyumbani vikafanyiwe tathmini, uulize ni krediti ngapi zitakubaliwa. Kila krediti itakayokubaliwa ni hela ambayo hulipi tena.

Chuo cha jamii kina karatasi za aina mbili. Kuna cheti, ambacho ni kifupi na kinalenga kazi moja. Halafu kuna digrii ya miaka miwili, yenye krediti 60 hivi, na hapa ndipo wengi wanapotegwa. Digrii zinazoitwa A.A. na A.S. zimetengenezwa kwa mtu atakayeendelea chuo kikuu. Ile inayoitwa A.A.S. imetengenezwa kwa mtu anayetaka kuingia kazini moja kwa moja. Ukichukua A.A.S. halafu baadaye ukataka digrii ya miaka minne, baadhi ya krediti zako zinaweza kukataliwa, na utalipia tena.

Kama ndoto yako ni chuo kikuu, ulizia Ohio Transfer 36. Ni kundi la masomo ya msingi ambayo vyuo vya umma vya Ohio vimekubaliana kupokeana.

Gharama kubwa ni saa zako

Watu huangalia ada tu. Sisi tunaangalia saa. Krediti moja ni kama saa moja darasani kila wiki, na saa mbili za kusoma nyumbani. Ukichukua masomo mawili ya krediti tatu tatu, hizo ni saa 18 kwa wiki. Zitatoka wapi?

Tuseme unalipwa dola 18 kwa saa na umepunguza saa 10 za kazi kila wiki. Hiyo ni dola 180 kwa wiki. Kwa muhula wa wiki 16 ni dola 2,880, kabla ya kodi. Hela hiyo ndiyo ilikuwa karo ya wadogo zako, dawa za mama, au tofali za kiwanja. Na kwa krediti sita kila muhula, digrii ya krediti 60 itakuchukua mihula 10, yaani miaka mitano kama husomi kiangazi.

Ndiyo maana tunashauri ngazi. Panda hatua moja, ipandishe mshahara, mshahara huo ulipie hatua inayofuata.

Kwa mnaolea wazee: kozi ya msaidizi wa wauguzi, ambaye Ohio wengi wamezoea kumwita STNA, ina saa 75 tu. Juu yake kuna LPN, na juu zaidi RN. Digrii ya miaka miwili ya uuguzi inakuruhusu kufanya mtihani wa NCLEX-RN, uleule anaoufanya aliyesoma miaka minne. Lakini uliza mapema masomo ya lazima kabla ya kuingia uuguzi, maana nafasi hugombaniwa.

Kwa watu wa mjengo: fundi wa viyoyozi hawezi kugusa gesi ya kupozea bila cheti cha EPA 608, kwa hiyo karatasi hiyo ina thamani kazini. Ulizia pia uanagenzi wa umeme au mabomba, ambako unalipwa huku unajifunza.

Nani analipa?

Jaza FAFSA kwanza. Ruzuku ya Pell siyo mkopo, na kwa mwaka 2025–26 kiwango cha juu ni dola 7,395. Raia, mwenye grini kadi, mkimbizi na aliyekwisha kupewa hifadhi wanaweza kuomba. Anayesubiri kesi ya hifadhi bado hana haki hiyo, wala mwenye viza ya mwanafunzi. Na kama tayari una shahada ya kwanza, hata kama uliipata Nairobi au Dar es Salaam, Pell haikuhusu.

Pell ina kikomo: sawa na mihula 12 ya kusoma muda wote. Usiimalizie kwenye Kiingereza cha kuanzia. Mpango wa Aspire wa Ohio unafundisha Kiingereza na maandalizi ya GED bure.

Jihadhari na kuacha katikati. Ukijitoa kwenye masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, unaweza kudaiwa sehemu ya msaada uliopewa. Kazi ikikuzidi, ongea na mshauri wa masomo kwanza, usipotee kimyakimya.

Mwakani utakapojaza kodi, tunza fomu 1098-T kutoka chuoni. Kuna nafuu mbili za kodi za elimu, moja mpaka dola 2,500 na nyingine mpaka dola 2,000. Kwa mwaka mmoja mwanafunzi huchukua moja tu, na siyo kila mwenye viza anastahili.

Kabla hujatia saini

Uliza maswali matatu, na majibu uyapate kwa maandishi. Karatasi hii inanipa leseni gani? Krediti zake zitapokelewa na chuo gani? Na mimi mwenyewe nitatoa mfukoni shilingi ngapi, ukijumlisha na saa za kazi nitakazokosa?

Kisha pigia nyumbani. Waambie wazi kwamba kwa mihula kadhaa utatuma pungufu, na utaje kiasi na mwezi utakaporudi kwenye kiwango cha zamani. Ukinyamaza watadhani umewasahau. Ukiwapa hesabu, watajua mnachangia mradi mmoja.